Hayupo Pichani

Kiswahili cha ofisi za umma kimezaa misemo mingi, lakini sijaona unaosema mengi kuhusu dola na raia wake kuliko maneno mawili yanayofungwa ndani ya mabano chini ya picha: hayupo pichani. Kila anayefuatilia habari za halmashauri, mikoa na wizara ameyasoma. Picha inaonyesha akina mama wapatao ishirini wameketi chini ya mwembe, jua la saa saba linawachoma, mmoja ananyonyesha, mwingine amejifunika khanga kichwani. Chini yake tunaambiwa kuwa hao ni baadhi ya wananchi wakimsikiliza Mkuu wa Wilaya, na hapo jina la mkuu huyo linaandikwa lote, la kwake na la baba yake, kisha mabano: hayupo pichani. Aliyeketi mbele ya kamera hana jina. Asiyekuwepo analo.

Natumia picha za namna hii darasani kila muhula. Nawaambia wanafunzi waziache sura kwanza, wapigie mstari vitenzi. Viongozi huwa wakizindua, wakikagua, wakisisitiza, wakitoa maelekezo. Wananchi huwa wakisikiliza, wakishangilia, wakifurahia, wakipokea. Ni nadra kumkuta mwananchi akieleza, akihoji au akikataa, ingawa yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kijiji katika mkoa huu wa Mwanza anajua kwamba watu wetu huhoji, tena kwa sauti. Kisha nawauliza neno "baadhi" linafanya kazi gani pale. Ukisema baadhi ya wananchi umeshasema kwamba walioko pale wanasimama badala ya wengine, na kwamba yeyote kati yao angeweza kubadilishwa na jirani yake bila maelezo ya picha kubadilika hata herufi moja.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na Serikali kupiga picha za wakulima, wavuvi na vibarua kwa fedha za umma. Nani mwingine angezipiga? Zanzibar ilipata televisheni miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya Uhuru, sura ya mkulima wa Mtwara ilimfikia mtu wa Nyamagana kupitia picha zisizotembea: za gazetini, za kwenye vijitabu, kalenda na mabango. Sehemu kubwa ya picha hizo ilitoka katika mikono ya umma: Idara ya Habari, ambayo wengi wetu tunaiita Maelezo, gazeti la Uhuru la Chama, Daily News, lililozaliwa mwaka 1972 baada ya kuunganishwa The Standard na The Nationalist, na tangu mwaka 1976, Shirika la Habari Tanzania, yaani Shihata. Kamera ya umma ilifika mahali ambapo hapakuwa na studio wala mteja wa kulipia picha. Bila kamera hiyo, miaka ile ya wazazi wetu ingebaki katika masimulizi tu.

Kamera hiyo ilikuwa na mapenzi yake. Ilipenda jembe, ilipenda tofali, na zaidi ya vyote ilipenda mstari ulionyooka. Mwalimu Nyerere akilima, viongozi wakibeba matofali, nyumba za kijiji kipya zikiwa zimepangwa kama wanafunzi kwenye gwaride. Mwezi Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na kufikia mwaka 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa. Kwa Usukumani, ambako kila kaya ilikaa katikati ya mashamba na mifugo yake, amri hiyo ilimaanisha kuacha nyumba moja na kujenga nyingine mahali palipochaguliwa na mtu mwingine. Wanazuoni wengi wameandika jinsi watekelezaji walivyochoma moto nyumba za zamani katika baadhi ya maeneo ili watu wasirudi. Kamera ilisimama upande wa kijiji kipya, ikiangalia mbele.

Hata hivyo nakataa hoja, ambayo naisikia sana kwa vijana wa siku hizi, kwamba picha zile zilikuwa uongo mtupu na zinafaa kutupwa. Ninayo sababu ya nyumbani.

Mama yangu mkubwa alihamishiwa kijiji kipya mwaka 1974. Mikoa yetu ya Ziwa wakati huo ilikuwa uwanja wa jambo lililojulikana duniani. Tangu mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioungwa mkono na UNESCO, uliendeshwa huku, makao yake yakiwa hapa Mwanza, na vitabu vyake vilifundisha kusoma kupitia kazi ambayo mtu anaifanya: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji, maarifa ya nyumbani. Mwaka 1967 asilimia 67 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ilionekana kuwa waliobaki hivyo ni asilimia 39. Mama mkubwa alikuwa mmoja wa waliovuka, kwa kitabu cha pamba.

Siku moja mpiga picha wa Serikali alifika darasani kwao, na picha ile ikaja kuchapwa katika kijitabu. Wanawake sita chini ya mti, vitabu mikononi, mama mkubwa wa pili kutoka kushoto, kichwa ameinamisha, kidole kiko juu ya mstari. Maelezo yanasema ni akina mama wa kijiji kimojawapo mkoani Mwanza wakifurahia kisomo. Na ni kweli walikuwa wakifurahia. Hakuna aliyewalazimisha kutabasamu, na kwa kweli hakuna anayetabasamu, wanasoma. Alilihifadhi karatasi lile katika sanduku la bati, pamoja na kadi yake ya TANU, kwa zaidi ya miaka 40.

Nilipomuuliza kuhusu siku ile, hakusema habari za kuhamishwa, ambazo alikuwa nazo nyingi. Alisema, "Siku ile mwanangu nilikuwa nimeshajua kuandika jina langu. Nililiandika ubaoni, yule bwana akiwa pale pale." Ubao hauonekani. Ulikuwa upande aliosimama mpiga picha, nyuma yake. Picha ilichukua mti, vitabu, miguu isiyo na viatu na mtoto aliyelala mgongoni. Jina, ambalo lilikuwa habari kubwa kuliko zote pale, liliachwa.

Alipofariki, watoto na wajukuu walitaka picha ya ujana wake, na ile ndiyo ilikuwa ya pekee. Karatasi lilikuwa limechakaa kwenye mikunjo, mkunjo mmoja ukipita juu ya paji lake la uso. Nikaanza kutafuta nakala safi. Nilifika katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, kwa kuwa watumishi niliowakuta walikuwa waungwana na walijitahidi. Mtumishi wa zamu aliniuliza swali moja: "Mgeni rasmi alikuwa nani?" Picha za miaka ile zimepangwa kwa jina la kiongozi na tarehe ya ziara yake. Ukitaka kumpata mama yako, sharti umjue mheshimiwa aliyepita kijijini siku hiyo, hata kama mheshimiwa huyo hakuwahi kuinua mguu kutoka kwenye gari.

Hapo ndipo mabano yale mawili yalipoacha kuwa mzaha wa darasani kwangu. Kumbe hayaishii chini ya picha. Yanaingia kabatini, yanakuwa jina la faili. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inafungua kumbukumbu za umma kwa wananchi baada ya miaka 30, na picha ya mwaka 1974 au 1975 imevuka muda huo zamani. Mlango uko wazi. Lakini mpangilio uliomo ndani unawatambua wageni tu. Wenyeji hawana pa kutafutiwa.

Nilimwendea mzee mmoja mstaafu aliyewahi kushika kamera ya Serikali katika kanda hii. Nilitaka anisaidie kukisia tarehe, lakini mazungumzo yakaenda mbali zaidi. Aliniambia kwamba filamu moja ilikuwa na picha 36, na filamu yenyewe ilikuwa ya kuombewa kibali, hasa miaka ya mwisho ya 1970 kila kitu kilipoadimika. Aliondoka ofisini na filamu mbili, akijua kwamba nusu ya moja ni ya msafara na hotuba. Zilizobaki ndizo alizopigia watu. Majina, alisema, aliyaandika: alikuwa na daftari dogo, jina na kijiji, wakati mwingine na jina la mume au baba ili asichanganye. Yalikwenda wapi? Akacheka. "Nafasi, mwalimu. Gazetini nafasi ilikuwa ya waheshimiwa. Mhariri alikata kuanzia chini, na majina ya wanakijiji yalikuwa chini." Madaftari yenyewe hakupewa kuyatunza, yalikuwa mali ya ofisi, na yeye alipostaafu aliyaacha mezani.

Ninamwamini. Na ndiyo maana sipendi tunapomfanya mpiga picha wa umma kuwa kibaraka asiye na akili. Katika nusu ile ya filamu alikuwa akifanya kazi nzuri sana.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Mfano unaofundishwa zaidi duniani ni wa Marekani wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Serikali ya Rais Roosevelt iliunda wakala wa kuwasaidia wakulima maskini, na ndani yake kitengo cha picha chini ya Roy Stryker. Kitengo hicho kilituma wapiga picha vijijini kuonyesha hali za watu, ili walipa kodi wakubali gharama za kuwasaidia. Ilikuwa propaganda, na hakuna aliyeificha. Stryker alikuwa mkali: picha asizozipenda alizitoboa tundu kwenye negativu ili zisitumike tena. Machi 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mwanamke aliyeketi kwenye hema na watoto wake, na picha hiyo ikawa sura ya umaskini wa Marekani nzima. Hakuuliza jina. Ilichukua zaidi ya miaka 40, hadi mwaka 1978, ndipo ikajulikana kuwa anaitwa Florence Owens Thompson, mwanamke wa asili ya Kicherokee, na kwamba hakufurahishwa hata kidogo na umaarufu ambao haukumpa hata senti.

Lakini kitengo kile kile, mwaka 1942, kilikuwa na kijana mweusi aitwaye Gordon Parks. Yeye alikwenda kwa msafishaji wa ofisi za Serikali mjini Washington, mwanamke aliyepiga deki usiku katika jengo ambalo wapiga picha wenyewe walifanyia kazi mchana. Alimfuata kwa wiki kadhaa: nyumbani kwake, kwa wajukuu zake, kanisani. Tunajua kwamba aliitwa Ella Watson. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, hebu jiulizeni kama mnalijua jina la anayefagia korido yenu. Na zaidi ya negativu 170,000 za kitengo kile ziko leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, wazi kwa kila mtu, na mtu wa Buhongwa mwenye simu anaweza kuzitafuta kwa jina la kijiji au la kazi. Zilitengenezwa kumtetea Roosevelt. Leo wajukuu wa wakulima wanazitumia kuwatafuta babu zao, jambo ambalo Stryker hakulipangia bajeti.

Nchini kwetu tunajua kukasirikia picha. Mwanza tuna ushahidi. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa filamu yake kuhusu sangara na ziwa letu, Darwin's Nightmare, ambayo wengi tuliiita filamu ya mapanki. Mwaka 2006 ikawa moto: Rais Kikwete aliishutumu hadharani, Bunge likaizungumzia, na mjini kwetu kukawa na maandamano ya kuipinga. Nilikuwa kijana wakati huo na nakumbuka mabishano ya vijiweni kama watu wa Mwanza wanakula mapanki au hawali, kana kwamba hilo ndilo lilikuwa swali. Sitaki kuirudia kesi ile. Ninachokumbusha ni hoja ya Serikali: kwamba mgeni alichukua sura za watu wetu akazitumia kwa hadithi yake mwenyewe, akawadhalilisha. Hoja hiyo ina uzito. Ina maana Serikali inakubali kwamba sura ya mwanamke anayekausha mapanki ni mali yake, na kwamba kuitumia bila kumjali ni kumkosea. Basi kipimo hicho hicho tukipeleke kwenye picha tunazozipiga wenyewe.

Siku hizi si suala la filamu 36 tena. Karibu kila halmashauri ina afisa habari, kila afisa habari ana simu inayopiga picha elfu kwa siku, na nafasi, ile nafasi aliyoililia mzee wangu, haina mwisho. Ajabu ni kwamba majina hayajarudi. Watu ndio wameanza kuondoka. Daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, nilipitia picha nyingi nilizoweza kuzipata. Nyingi zimepigwa kutoka angani kwa droni, na ni za kupendeza. Mhandisi yeyote angejivunia. Daraja, maji, mawingu. Kutoka kule juu humwoni mama aliyeuza karanga na mayai kwa watu wa foleni ya kivuko, ambaye daraja hilo limemfanya ahesabu upya maisha yake. Nimelivuka daraja lile na nimelifurahia sana. Nasema tu kwamba miaka 50 ijayo mtu atatafuta kujua tulivukaje kabla yake, na atakuta muonekano wa daraja.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, sasa afisa habari katika halmashauri fulani ya kanda hii, alinipinga nilipomweleza haya. Hoja yake ni nzuri kuliko nilivyotarajia. "Shikamoo Daktari, lakini wewe hujawahi kupigiwa simu saa tano usiku. Nikikosea jina la mama wa kijijini, hakuna anayelalamika. Nikikosea cheo cha mheshimiwa, kesho nina barua mezani." Akaongeza la sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka awe mwangalifu na majina ya watu.

La kwanza sina jibu lake, maana ni la wakubwa wake. Kama barua inaandikwa kwa cheo kilichokosewa na haiandikwi kwa jina la mwananchi lililoachwa, afisa wa ngazi ya chini atafanya kile anachoandikiwa barua. La pili nalikubali nusu. Wapo wasiotaka majina yao yatajwe, na watoto tuwaache kabisa. Lakini sura nayo ni taarifa binafsi, tena kuliko jina, kwa kuwa majina yanafanana. Anayeogopa sheria hiyo aanze kuomba ridhaa ya kupiga picha yenyewe. Akishaomba hiyo, kuuliza jina ni sentensi moja zaidi. Na lisipochapishwa, liandikwe kwenye kumbukumbu ya ofisi: jina, kijiji, tarehe, kazi aliyokuwa akiifanya. Mzee wangu aliweza kwa penseli.

Mwaka huu niliwapa wanafunzi zoezi. Waende wawili wawili, wengine mwalo wa Luchelele, wengine kwa wanawake wanaoponda kokoto kwenye vilima vya pembezoni mwa jiji, wengine sokoni. Wapige picha moja tu kwa ridhaa. Maelezo ya picha wasiyatunge. Aliyepigwa ndiye ayatamke, wao waandike kama alivyosema. Kisha wasafishe picha studio na kumpelekea nakala yake.

Maelezo waliyorudi nayo yalikuwa mafupi, na hakuna hata moja lenye neno "baadhi". Mvuvi mmoja alitaka iandikwe kwamba mtumbwi ule si wake, ni wa tajiri, ila nyavu ni zake. Mponda kokoto alikataa nyundo ionekane, akaenda kuoga, akarudi na gauni la kitenge, akasema waandike jina lake na kwamba ndoo moja ya kokoto humchukua asubuhi nzima. Muuza dagaa aliuliza kama picha hiyo itakwenda kwa Mkuu wa Mkoa. Alipoambiwa haiendi popote, inarudi kwake, alifikiri kidogo, akasema basi waandike kwamba ana deni la kikoba na atalimaliza kabla ya Krismasi.

Kuhusu picha ya mama mkubwa, bado natafuta. Nimepata majina matatu ya viongozi waliotembelea upande ule mwaka 1975, na kwa majina hayo nimeomba mafaili matatu. La kwanza lilikuwa na picha za uwanja wa ndege.

Kwa walioniuliza gharama: kusafisha nakala za zoezi kulilipwa na wanafunzi wenyewe, jambo ambalo si haki. Muhula ujao tunakwenda Igoma na Kishiri, vikundi kumi na viwili. Anayetaka kuchangia, au afisa habari yeyote anayetaka kuja na kamera yake na daftari, anajua ofisi yangu ilipo.